Mchuuzi wa Mbawakawa

Maneno haya niliyasema jioni moja mbele ya walimu na wanafunzi wa sayansi hapa Unguja. Nimeombwa niyaandike, na nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani, pamoja na pale nilipopotea njia.

Ndugu zangu walimu, wanangu wanafunzi, assalamu alaykum.

Mimi ni Mpemba, na Mpemba asipoanza na karafuu ataanza na duka. Leo nitaanza na vyote viwili.

Mkarafuu si mti wetu wa asili, japo wengi wetu tumelelewa chini yake. Ulitufikia mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa walivyovitawala Wafaransa katika Bahari ya Hindi, na Wafaransa nao waliupata kwa wizi, maana Waholanzi walikuwa wameukalia kama kuku anavyokalia mayai. Kwao hasa ni visiwa vichache vya milima ya moto katika nchi tunayoiita leo Indonesia. Kimojawapo ni Ternate. Ni mlima mmoja uliosimama baharini kama chungu kilichofudikizwa, na mji umejibana baina ya mlima na maji. Kina sultani, kina misikiti, kina soko karibu na pwani. Mtu wa Wete akishushwa pale usiku, asubuhi huenda akachukua muda kugundua kwamba hayuko kwao.

Tarehe 8 Januari 1858 alishuka Ternate Mwingereza mmoja mrefu, mwembamba, mwenye ndevu na miwani. Siku hiyo hiyo alikuwa anatimiza miaka 35. Alikodi nyumba kuukuu ya vyumba vinne yenye kisima kirefu cha maji baridi, mwendo wa dakika tano kutoka sokoni, akaishikilia kwa miaka mitatu. Kazi yake ilikuwa kuuza wadudu waliokufa. Jina lake Alfred Russel Wallace.

Nilipokuwa mwanafunzi, somo la mageuko nililipata katika dakika za mwisho za kipindi. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, aliandika ubaoni "Darwin, 1859", akatuambia tukariri, kisha akafuta haraka kama mtu aliyemwaga kitu kwenye zulia la watu. Nikatoka na picha ya mzee tajiri aliyekaa bustanini kwake akafikiri mpaka akapata jinsi viumbe vinavyobadilika kizazi hadi kizazi. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba walikuwa wawili, na kwamba yule wa pili hakuwa na nafasi ya kukaa.

Ninachodai ni hiki: yale aliyoyaona Wallace aliyaona kwa sababu alikuwa mchuuzi. Bidhaa zake zilimfundisha. Nitajaribu kuwaonyesha vipi, na mkiona navuta kamba sana, mniambie mwishoni.

Alizaliwa mwaka 1823 karibu na mji mdogo wa Usk, Wales, mtoto wa nane kati ya tisa. Baba yake alisomea sheria asiifanyie kazi, akazimaliza fedha za familia polepole katika miradi isiyoshika. Kufika miaka 14 Alfred alikuwa ameshatoka shule. Kaka yake William alimfundisha upimaji ardhi, na kwa miaka kama sita kijana huyu alizunguka mashamba ya Uingereza na Wales akiburuta mnyororo wa kupimia. Kwa mpima ardhi, mpaka ni kitu unachoweza kusimama juu yake. Likumbukeni hilo tukifika Bali.

Mwaka 1844 kazi ilipokauka alipata nafasi ya ualimu katika shule moja mjini Leicester. Katika maktaba ya mji ule alisoma kitabu cha Malthus kuhusu wingi wa watu na uchache wa chakula, na katika mji ule ule akakutana na Henry Walter Bates, kijana mwenzake aliyekuwa na ugonjwa wa kukusanya mbawakawa. Bates alimwambia kwamba katika maili kumi kuuzunguka mji huenda kuna aina elfu moja za mbawakawa. Elfu moja! Wallace alikuwa amepita katika mashamba kama yale maisha yake yote asijue. Tangu hapo ugonjwa ukawa wa watu wawili.

Niwe mkweli hapa, nisije nikaonekana naivuta hadithi upande wangu. Swali la chanzo cha spishi, yaani aina za viumbe, Wallace alikuwa nalo kabla ya safari yoyote. Alimwandikia Bates mwaka 1847 kwamba angependa kuchukua jamii moja ya viumbe aichunguze kwa kina, hasa kwa ajili ya swali hilo. Kwa hiyo sisemi kwamba biashara ilimpa swali. Nasema ilimpa jibu.

Aprili 1848 walipanda meli Liverpool kwenda Brazil. Hawakuwa na mfadhili. Mpango ulikuwa kulipia safari kwa wadudu na ndege watakaowakamata, na London walikuwa na dalali, Samuel Stevens, wa kuwauzia. Wallace alikaa Amazon miaka minne. Mdogo wake Herbert alimfuata huko, akafariki kwa homa ya manjano mwaka 1851 akiwa na miaka 22. Mwaka uliofuata Wallace aliamua kurudi, akapakia mkusanyo wake bora katika meli iliyoitwa Helen. Tarehe 6 Agosti 1852, katikati ya Atlantiki, nahodha alimfuata chumbani akamwambia kwa upole: nadhani meli inaungua, njoo utazame unaonaje.

Iliungua yote. Wallace aliokoa kisanduku cha bati chenye michoro yake ya samaki na ya miti ya jamii ya minazi, na nguo chache. Kasuku na nyani aliokuwa anawapeleka Uingereza waliungua mbele ya macho yake, isipokuwa kasuku mmoja aliyedondoka majini akaokotwa. Siku kumi walielea katika mashua zinazovuja kabla ya meli nyingine kuwaona. Lililomwokoa asifilisike kabisa ni kwamba Stevens alikuwa ameikatia bima ile mizigo kwa akili yake mwenyewe. Wanangu mnaotaka kufanya biashara, tafuteni dalali wa namna hiyo.

Mtu mwenye busara angebaki nyumbani. Wallace, Aprili 1854, alikuwa Singapore.

Sasa nieleze biashara yenyewe, maana hapa ndipo lilipo fungu langu. London ya wakati ule ilikuwa na matajiri waliokusanya wadudu kama watu wengine walivyokusanya sahani za kaure. Kila mmoja ana kabati, na kila mmoja anataka kabati lake lipite la jirani. Tajiri hutia kabatini mmoja wa kila aina, aliye mzima na mzuri kuliko wote, akafunga kioo. Akitazama pale anaona aina: huyu ni huyu, yule ni yule, kila mmoja katika kisanduku chake.

Mchuuzi hawezi kuishi hivyo. Akimpata kipepeo mpya anataka thelathini, kwa sababu Stevens ana wateja thelathini. Jioni huwapanga mezani ubavu kwa ubavu, miguu ya meza ikiwa ndani ya vyombo vya maji ili sisimizi wasipande, na lazima amtazame kila mmoja, huyu wa nani, yule wa nani. Hapo ndipo anapoona kwamba hakuna wawili walio sawa. Huyu bawa refu kidogo, yule doa limefifia, wa tatu ni mkubwa kuliko ndugu zake wote. Kwa tajiri hizo ni kasoro. Mchuuzi anazikuta mezani kila jioni.

Marehemu mjomba wangu alikuwa na mikarafuu upande wa Mtambile. Mgeni akiingia shambani aliona mikarafuu. Mjomba aliona ule unaowahi kuiva, ule wenye makonyo marefu, ule unaozaa sana mwaka mmoja ukalala miwili. Alikuwa ameuchuma kila mti kwa mkono wake na kupimiwa kwa pishi. Simlinganishi na Wallace, angecheka. Lakini jicho lile nalijua.

Hesabu ya miaka minane ya Wallace katika visiwa vile ni hii: vielelezo 125,660, na kati yake mbawakawa peke yao 83,200. Alisafiri kama maili 14,000 kwa meli, kwa jahazi, kwa mtumbwi na kwa miguu. Katika kipande cha msitu Singapore kisichozidi maili moja ya mraba alipata aina 700 za mbawakawa kwa miezi miwili hivi. Sarawak, katika kisiwa cha Borneo, karibu na machimbo ya makaa ya Simunjon, alitangaza kwamba atalipa senti moja kwa kila mdudu atakayeletewa, na watu wakamletea.

Biashara hii ina damu pia, na sitaipaka rangi. Huko Simunjon aliwapiga risasi orangutani kadhaa kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Mmoja alikuwa mama, na kitoto chake kikapatikana hai kwenye kinamasi. Wallace alikilea. Alikinywesha maji ya wali kwenye chupa, akakiosha, akakitengenezea mama bandia kwa ngozi ya nyati ili kipate cha kushika. Anaandika habari zake kama baba anavyoandika habari za mwanawe. Kilikufa baada ya miezi kama mitatu, na Wallace akakihifadhi ngozi na mifupa vikaingia kwenye mkusanyo. Kila nikiisoma sehemu hiyo natafuta mahali pa kumchukia na mahali pa kumpenda, navikuta mstari mmoja.

Jambo la pili ambalo biashara ilimfundisha ni kibandiko. Mdudu asiye na kwao hana bei. Mteja anataka kujua ametoka kisiwa gani, na Wallace, aliyekwisha kulalamika tangu safari ya Amazon kwamba wakusanyaji huandika "Amazon" tu kana kwamba Amazon ni kijiji, alimtundikia kila mmoja kikaratasi cha mahali pake. Mlinganishe na Darwin mwaka 1835. Alipopita Galápagos akiwa kijana alichanganya ndege wake wadogo wa visiwa mbalimbali bila kuandika kisiwa, na baadaye ikabidi aombe ya wenzake waliokuwa naye melini ili apate kupambanua. Alikuwa mgeni wa heshima, baba analipa. Hakuna mteja aliyekuwa anamsubiri amuulize.

Juni 1856 Wallace alivuka kutoka kisiwa cha Bali kwenda kisiwa cha Lombok. Hakukusudia kukaa, alikuwa anatafuta chombo cha Makassar. Mlango wa bahari pale, penye wembamba wake, ni maili 15 hivi, pungufu ya maji yaliyopo baina ya Unguja na Bara. Bali alikuwa ameona vigong'ota na ndege wengine wa Asia. Ng'ambo, mahali panapoonekana kwa macho, hakuwaona. Badala yake kulikuwa na kasuku weupe wenye vishungi, jamaa za ndege wa Australia. Mpima ardhi wa zamani alijua amesimama juu ya nini. Ule ulikuwa mpaka, na hakuna mtu aliyeuchora. Baadaye mwanasayansi mwenzake, Huxley, aliuita Mstari wa Wallace, na ndivyo unavyoitwa hadi leo.

Siri iko kwenye kina. Bahari ya upande wa Java na Borneo ni ya kina kifupi. Bahari ilipokuwa chini, zile zilikuwa nchi kavu na wanyama walitembea. Mlango wa Lombok ni mrefu kwenda chini, haukukauka.

Tuangalie kwetu, tusiende mbali. Mkondo wa Unguja hauzidi mita mia moja. Mkondo wa Pemba unashuka mamia ya mita. Unguja ilipata kuungana na Bara, ndiyo maana imekuwa na chui wake na kima punju wake. Pemba haikuwa na chui. Lakini Pemba ina ndege wanne wasiopatikana popote pengine duniani, akiwemo ninga wake wa kijani, na ina popo wake mkubwa ambaye jamaa zake hawapo Bara kabisa. Wapo Mafia, Komoro, Madagaska, halafu India na kuendelea mashariki mpaka huko huko alikokuwa Wallace. Mwaka 1880 aliandika kitabu kizima kuhusu visiwa vilivyowahi kushikana na nchi kubwa na visivyowahi. Sisi tunavyo vya namna zote mbili, na boti inatupeleka asubuhi ikaturudisha jioni. Walimu, hamhitaji maabara.

Nirudi. Februari 1855, katika mvua za Sarawak, alikuwa ameandika makala iliyochapishwa London mwaka ule, yenye kanuni moja: kila spishi imetokea mahali na wakati ambapo tayari kulikuwa na spishi nyingine inayofanana nayo sana. Soma tena polepole utaona ni lugha ya vibandiko: wapi, lini, nani jirani yake. Alisubiri watu wajibizane. Aliyejibu ni Stevens, akimpa habari kwamba baadhi ya wataalamu wanasikitika kumwona anaingia kwenye nadharia wakati kinachotakiwa ni kuleta vitu zaidi. Yaani, mchuuzi, funga mdomo ulete mzigo.

Mmoja aliyemjali alikuwa mteja. Darwin alikuwa ametuma watu wa nchi mbalimbali maombi ya ngozi za kuku, njiwa na bata wa kufugwa, na mwaka 1856 Wallace alimpelekea Stevens mzigo wenye bata akaandika kwamba ni wa Bwana Darwin. Ndivyo walivyojuana, ndugu zangu. Kwa bata.

Tunafika Februari 1858. Homa ya vipindi ilimkamata, baridi kisha joto, kila siku saa kadhaa. Hakuna mtu humu ndani anayehitaji kuelezwa. Amejifunika mablanketi katika joto la digrii 31, hana la kufanya ila kufikiri, akamkumbuka Malthus aliyemsoma zaidi ya miaka kumi nyuma: maradhi, ajali, vita na njaa huzuia watu wasijae. Akajiuliza, na wanyama je? Wao huzaana kwa kasi kuliko sisi. Katika makala yake alipiga hesabu ya jozi moja ya ndege wanaopata watoto wanne, mara nne tu maishani mwao. Baada ya miaka 15 wangekuwa karibu milioni 10. Lakini hawapo milioni 10. Ndege ni wale wale mwaka hadi mwaka, kwa hiyo wengi mno wanakufa. Basi kwa nini hawa wanakufa na hawa wanabaki?

Mtu mwenye kabati asingeweza kujibu. Kwake vipepeo wa aina moja ni kipepeo mmoja, afe yeyote. Aliyewapanga thelathini mezani alijua hawako sawa. Mwenye bawa refu kidogo hukimbia zaidi, mwenye rangi ya jani huonekana kidogo, na hao ndio wanaobaki kuzaa. Vizazi vikipita, tofauti ndogo zinalimbikizana mpaka huyo si yule tena. Huo ndio uitwao uteuzi asilia. Wallace aliandika haya jioni mbili tatu baada ya homa kumwacha.

Ndani ya makala hiyo yupo twiga wetu. Kulikuwa na dhana ya Mfaransa Lamarck iliyoeleweka hivi: twiga alirefusha shingo kwa kuinyoosha kila siku. Wallace akasema hapana. Katika twiga wa kale walizaliwa wengine wenye shingo ndefu kuliko wenzao, hao wakayafikia majani ambayo wenzao hawakuyafikia, na ukame ulipokuja wakabaki wao. Wanangu, mtihani ukiwauliza tofauti ya nadharia hizo mbili, jibu ni sentensi hiyo, na aliyeiandika alikuwa anatoka jasho la homa katika visiwa vya karafuu.

Akaifunga makala akampelekea Darwin, akimwomba amwonyeshe Lyell, mtaalamu mkubwa wa miamba, kama ina thamani. Darwin aliandika kwa Lyell tarehe 18 Juni 1858 kwamba hajapata kuona jambo likigongana namna hii, kwamba kama Wallace angekuwa na rasimu yake ya mwaka 1842 mkononi asingeweza kuifupisha vizuri zaidi. Miaka 20 Darwin alikuwa analea wazo lile lile bila kulichapisha. Lyell na Hooker, mtaalamu wa mimea, wakaamua: tarehe 1 Julai, mbele ya watu kama 30 wa Linnean Society, jumuiya ya wanasayansi mjini London, vikasomwa vipande vya Darwin kwanza, kisha makala ya Wallace.

Wenyewe wote wawili hawakuwapo. Darwin alikuwa amefiwa siku chache nyuma na mwanawe mchanga. Wallace alikuwa Dorey, New Guinea, mgonjwa, na kijana wake mmoja, Jumaat wa Buton, alifia huko kwa homa. Vijana wake walikuwa Waislamu. Aliwapa bafta mpya ya sanda akawaacha wamzike kwa taratibu zao. Hakujua kwamba jina lake linasomwa London. Rais wa jumuiya ile aliufunga mwaka akisema haukuwa na uvumbuzi wa kutikisa. Novemba 1859 kitabu cha Darwin kikatoka, na mtikiso ukaja.

Huulizwa kila ninapozungumza habari hii: aliibiwa? Mimi naona hakuibiwa, ila hakuulizwa. Barua ya kumwomba ruhusa ingechukua miezi, na walioamua walikuwa marafiki wa Darwin. Kijana mwenye cheo wasingemfanyia hivyo. Lakini Wallace alipopata habari alimwandikia mama yake kwa furaha kwamba sasa ana uhakika wa kujuana na wakubwa hao atakaporudi, na kitabu chake cha mwaka 1889 kuhusu nadharia hiyo alikiita kwa jina la mwenzake. Wengine husema ni unyenyekevu. Mimi nasikia ndani yake mtu aliyezoea kuwa mletaji wa mzigo.

Alirudi mwaka 1862 na ndege wawili hai wa jamii iitwayo ndege wa peponi, aliowalisha mende njiani. Fedha alizozipata zilipotea kwenye hisa mbovu. Aliomba kazi hapa na pale, akanyimwa. Akaishi kwa kuandika na, walimu mtacheka, kwa kusahihisha mitihani. Mwaka 1870 alibishana na mtu aliyedai dunia ni bapa, dau pauni 500, akamthibitishia kwa vipimo kwenye mfereji kwamba imepinda. Akashinda, na yule mtu akamsumbua kwa matusi miaka na miaka. Mwaka 1881 Darwin alimpigania akapata pensheni ya serikali, pauni 200 kwa mwaka.

Najua lipo swali mnaloliona haya kuliuliza, la mtu na nyani. Basi mjue kwamba mwaka 1869 Wallace mwenyewe aliandika kwamba akili ya mwanadamu haiwezi kuelezwa kwa uteuzi asilia peke yake, kuna nguvu ya juu yake. Darwin aliumia, akamwandikia kwamba anatumaini hajamuua kabisa mtoto wao. Wapo wanaonijia na habari hiyo wakisema, mwalimu, mbona ni shahidi wetu? Nawaambia wasimkimbilie. Miaka ile Wallace alikuwa anakaa gizani na watu wanaosikiliza roho zikigonga meza, na baadaye akapiga vita chanjo ya ndui. Imani yangu sikuijenga juu ya Wallace wa aina yoyote, na vipepeo wake nawasoma bila hofu. Mwenye maoni mengine tutaonana kwenye kahawa.

Nimebakisha mtu mmoja. Mwaka 1855 huko Sarawak Wallace alimwajiri kijana wa Kimalay, kama miaka 15, ampikie. Anaitwa Ali. Alijifunza kupiga bunduki na kuchuna ndege mpaka akawa fundi kuliko bwana wake. Alikuwa naye katika homa za Ternate, na mke alioa Ternate. Oktoba 1858, kisiwani Bacan, alirudi kutoka msituni na ndege kiunoni akasema, bwana tazama, ndege wa ajabu. Alikuwa ndege wa peponi asiyejulikana na sayansi, mwenye manyoya marefu meupe mawili yanayosimama kila bega. Wataalamu walimpa jina la Wallace. Walipoagana Singapore mwaka 1862 Wallace alimpa fedha, bunduki zake mbili na zana zilizobaki, akapigwa picha amevaa suti ya Kizungu. Wallace aliona kwamba haikumkaa vizuri kama nguo zake mwenyewe.

Mwaka 1907 Mmarekani mmoja mwanazuolojia, Thomas Barbour, alikuwa anapita katika mitaa ya Ternate na wasaidizi wake wamebeba nyavu za vipepeo na bunduki. Mzee mmoja aliyekunjamana, mwenye tarbushi ya buluu iliyopauka, akawasimamisha njiani. Bila shaka alizitambua nyavu. Akamwambia yule mgeni jina lake: "Mimi ni Ali Wallace."